Mlima, Theluji na Msitu

Masomo ya kutafakari: Zaburi ya 121, Waamuzi 6:36-38, 1 Wafalme 19:9-13



Sisi tukaao Uchaggani twafungua mlango alfajiri, na mlima upo. Mawingu yakiwa hayajapanda, Kibo yaonekana nyeupe juu ya migomba, na Mawenzi upande wake, yenye meno meno kama chungu kilichovunjika. Lakini mtu aliyezaliwa kando ya mto hausikii mlio wa maji. Vivyo hivyo nasi: twatazama tujue kama mvua i karibu, kisha twashika jembe. Na huku wageni, maelfu kwa maelfu kila mwaka, wavuka bahari na kutumia akiba ya miaka ili wakitazame kile tusichokitazama sisi. Wengine wakifika juu hulia machozi. Tumewaona wakishuka, midomo imepasuka kwa baridi, nyuso zinang'aa.

Basi tumeona vema mwezi huu tuuinue uso pamoja nao, tuutazame mlima kama Mkristo atazamavyo. Nanyi msomao maneno haya Usambara, Upare, Meru, ama katika nyanda za kusini, mnayo milima yenu na misitu yenu. Neno letu ni lenu pia.

Zaburi ya 121 ni wimbo wa safari. Waliuimba watu waliokuwa wakipanda kwenda Yerusalemu. Msafiri ayaona mbele yake mafungu ya milima, na moyo wake wauliza swali. Twajua kwa nini auliza. Katika milima ile palikuwa na wanyang'anyi na mapango yao. Tena palikuwa na mahali pa juu, ambapo watu walichoma sadaka kwa Baali na kuomba mvua. Kwa hiyo aliyeinua macho aliona hofu, tena aliona kishawishi. Naye auliza msaada wake watoka wapi. Jibu halisemi kwamba mlima ni mbaya, wala halisemi kwamba mlima ni msaada. Jibu laupita mlima, lafika kwake Yeye aliyezifanya mbingu na nchi. Hili ndilo neno la kwanza.

1. Mlima ni kazi, si mwenye kazi.

Wazee wetu waliuheshimu upande wa Kibo kuliko pande zote. Walisimulia jinsi Mawenzi alivyokwenda kwa Kibo kuomba moto, akarudi tena na tena, hata Kibo akakasirika, akampiga kwa mchi. Ndiyo sababu Mawenzi amevunjika-vunjika hata leo. Tusiwacheke. Walijua kwamba ukuu ule si wa kuchezewa. Lakini wengine waliutazama kwa tamaa. Yasimuliwa kwamba Rengua, mkuu wa Machame, aliwatuma watu wapande wakaone ule weupe ni kitu gani, labda ni fedha. Akarudi mmoja tu, mikono na miguu imeharibiwa na baridi. Fedha ile, ukiishika, yawa maji mkononi.

Tarehe 11 Mei 1848 alikuja mishonari Johannes Rebmann, mwana wa nchi ya Württemberg, akitoka Rabai karibu na Mombasa. Aliona juu ya mlima kitu kama wingu jeupe lisilosogea. Akamwuliza kiongozi wake, mtu wa pwani, kile ni nini. Yule hakuwa na jina la theluji; alisema tu kwamba ni baridi. Ndipo Rebmann alipotambua. Habari yake ilipochapwa Ulaya mwaka uliofuata, mtaalamu mmoja wa ramani huko London, W. D. Cooley, aliikataa kabisa. Kwake theluji haikuweza kuwapo karibu na mstari wa ikweta. Yeye hakuwahi kufika. Ni miaka zaidi ya kumi baadaye, mwaka 1861 na 1862, Baron von der Decken alipopanda mitelemko ya mlima na kuyathibitisha maneno ya Rebmann.

Lakini sisi twapenda kukumbuka jambo jingine la siku ile. Baada ya kuiona theluji, Rebmann alikaa chini kupumzika, akafungua Zaburi mahali alipokuwa amefikia katika kusoma kwake. Ilikuwa Zaburi ya 111, isifuyo matendo makuu ya Bwana. Akaandika ya kwamba maneno yale yaliingia moyoni mwake maradufu mbele ya mlima ule. Tazameni, ndugu: aliinua macho, akaona, kisha akayainamisha macho kwenye Neno, akaelewa alichokiona. Mwenye kutazama mlima bila Neno hupata uzuri tu, na uzuri hauwezi kumsamehe mtu dhambi. Mwenye kusoma Neno bila kuinua macho husahau kwamba Mwokozi wake ndiye pia Muumba wake.

2. Theluji yang'aa, lakini msitu ndio unyweshao.

Hapa, ndugu, yatupasa kutengeneza kosa tulilolishika kwa miaka mingi, hata mimbarani.

Kibo ina kimo cha mita 5,895, na hapana mahali palipo juu zaidi katika Afrika yote. Hans Meyer na Ludwig Purtscheller walifika kileleni tarehe 6 Oktoba 1889. Usiku wa kuamkia tarehe 9 Desemba 1961 mwenge wa Uhuru uliwashwa juu yake na Alexander Nyirenda. Mwaka 1987 mlima uliandikwa katika urithi wa dunia. Utukufu huo wote umefungwa katika ule weupe wa juu, na picha zake zimetundikwa katika nyumba za nchi zote.

Nao weupe wapungua. Waliopima wasema kwamba tangu mwaka 1912 hata mwaka 2011, zaidi ya sehemu 8 katika 10 za barafu ile zimekwisha kuondoka. Na mwaka 2022 UNESCO ilitangaza kwamba barafu za Kilimanjaro zaweza kwisha kabisa kabla ya mwaka 2050. Watoto tuwabatizao leo watakuwa watu wazima, nao watawaambia watoto wao, "Babu zetu waliona theluji pale." Ni neno la huzuni.

Kwa hiyo watu husema, "Theluji ikiisha, maji yataisha, maana mito yetu hutoka katika theluji." Sisi nasi tumelihubiri hilo. Lakini waliochunguza mlima kwa miaka mingi wametufundisha sivyo. Barafu ya Kibo ni kidogo, na nyingi yake hukauka moja kwa moja hewani, kwa kuwa jua ni kali na hewa ni kavu. Ifikayo mitoni ni kidogo mno. Maji tunywayo hutoka katika mvua na ukungu wa msitu. Msitu ule, uzungukao mlima kama mshipi, ndio upokeao mvua nyingi kuliko mahali pote mlimani. Na juu yake, pale ambapo miti yawa mifupi, matawi huuchuja ukungu na kuutonesha chini.

Jambo hili tulilijua kwa macho yetu mwezi wa Septemba, mwisho wa kiangazi, tulipopanda na vijana wa Kipaimara hata nyumba za Mandara, mita 2,720. Kiongozi wetu alikuwa mzee wa usharika wetu, ambaye tangu ujana wake amewapeleka wageni kileleni. Mvua haikuwa imenyesha siku nyingi. Chini kwetu vumbi lilijaa njiani. Tulipokuwa tukipita chini ya miti, mbega wakaruka juu yetu, mikia yao myeupe ikining'inia kama shela. Vijana wakapiga kelele za furaha. Mzee akasimama. Hakuwatazama mbega. Aliweka kiganja chake juu ya tawi lililofunikwa na ile mimea midogo, laini kama sufi ya kondoo, akalibonyeza polepole, asing'oe kitu. Maji yakatoka kati ya vidole vyake, yakashuka mpaka kwenye kiwiko.

Akasema, "Wanangu, wageni hunilipa niwapeleke kwenye theluji. Katika miaka yangu yote hapana aliyeniomba nimwonyeshe hii. Lakini mama zenu huchota hii."

Tukamkumbuka Gideoni, aliyeikamua ngozi ya kondoo asubuhi, akajaza bakuli kwa umande. Tukamkumbuka na Eliya pale Horebu. Ulipita upepo wenye nguvu wa kupasua milima, likaja tetemeko, ukaja moto. Bwana hakuwamo katika hayo. Kisha ikaja sauti ndogo ya utulivu, naye nabii akaufunika uso wake.

Hivyo ndivyo Mungu wetu afanyavyo. Sisi twamtafuta mahali pang'aapo, naye atunywesha kutoka mahali pasipotazamwa. Mwaka 1518, katika mji wa Heidelberg, Martin Luther alifundisha kwamba wako watu wamtafutao Mungu katika utukufu, na wako wamwonao katika msalaba. Na hawa wa pili ndio waitao kila kitu kwa jina lake la kweli. Mwana wa Mungu alilazwa horini, wala si katika jumba la mfalme. Alitundikwa nje ya mji, wala hakuwa na uzuri wa kuwavuta watazamaji. Kutoka ubavuni mwake aliyedharauliwa yametoka maji na damu, na ulimwengu wote wanywa hapo. Na katika usharika wako, ndugu mwalimu, ni nani aletaye maji? Labda si yule akaaye kiti cha mbele. Labda ni mjane ambaye huombea majina yetu usiku, wala hajapata kusimama mbele ya watu hata siku moja.

Mwaka 1926 mishonari Richard Reusch, Mlutheri mwenzetu, aliona karibu na ukingo wa Kibo chui aliyekufa, ameganda kwa baridi. Watu wengi wameuliza chui alitafuta nini huko. Sisi twasema hili tu: mnyama yule aliuacha msitu, mahali pa chakula chake na maficho yake, akaufuata mlima hata pale pasipo na uhai. Mkristo aachaye Neno na Meza ya Bwana ili afuate ling'aalo, ataganda vivyo hivyo, ijapokuwa amefika juu sana.

3. Mlinzi wetu hasinzii, bali sisi tulisinzia.

Sasa tuna neno lililo zito kwetu kuliandika. Mzee yule, maji yakingali yanatiririka mkononi mwake, alitugeukia, akasema kwa sauti ya chini vijana wasisikie: "Baba Mchungaji, zile benchi tukaliazo Jumapili, mti wake ulisimama wapi?"

Hatukuwa na jibu. Ama tuseme kweli, jibu tulikuwa nalo. Miaka michache nyuma tulikuwa tumemaliza kuta na bati za kanisa letu, lakini viti havikuwapo. Wazee walikaa juu ya matofali. Jioni moja alikuja kijana wa usharika, akasema anazo mbao nzuri, kwa bei nafuu, ila zapaswa kuletwa usiku. Tulinunua. Fundi alipozipasua, harufu ya kafuri ikajaa uani. Sisi tumezaliwa hapa. Harufu ile twaijua, nao mti ule twajua waota wapi, na ya kuwa kuukata kumekatazwa. Twalijua hilo wala hatukuuliza. Siku ya kuziweka wakfu benchi zile tulimshukuru Mungu madhabahuni kwa ajili ya ile bei nafuu.

Zaburi yasema kwamba Yeye atulindaye hasinzii wala halali. Tena Mwanzo 2:15 yatufundisha kwamba mtu aliwekwa bustanini ailime na kuitunza. Maana yake, Mlinzi asiyelala alimpa mtu zamu ya ulinzi. Nasi tulilala zamuni. Mbaya zaidi, tulijifanya tumelala.

Tulishuka, tukalipeleka neno hili katika baraza la wazee. Mmoja alisema, "Mti ulikwisha kuanguka, kuzitupa benchi hakutausimamisha." Mwingine akasema, "Tuzitoe nje, maana sadaka ya wizi ni chukizo." Wa tatu akasema, "Tumlete huyo kijana mbele ya usharika." Hapo sisi tukasema, "Akija yeye, mchungaji atatangulia." Jumapili iliyofuata tuliungama mbele ya washarika wote, sisi kwanza. Kanisa lilikuwa kimya, na kila mtu alijua amekalia nini.

Kijana tulimwita nyumbani, siyo kanisani. Kumbe baba yake amekufa, kahawa ya kihamba haimlipii chochote, na wadogo zake watatu wasoma. Tulikuwa tumemjua kwa bei ya mbao zake, wala hatukuwa tumeijua njaa ya nyumba yake. Hilo nalo ni usingizi. Wazee wakampa kazi ya kutunza kitalu cha miche nyuma ya kanisa, kwa ujira usio mkubwa.

Benchi zimebaki. Lakini mzee mmoja hakuridhika. Hata leo huja ibadani na kigoda chake mwenyewe, hukaa karibu na mlango. Hatumkatazi. Tukimwona twakumbuka.

Miche tuliipanda kando ya korongo, mahali mfereji wa zamani ulipoanzia, ule ambao babu zetu waliuchimba na kuulinda kwa zamu, nao umekauka. Kiangazi cha kwanza zaidi ya nusu ya miche ilikufa. Tulipanda tena. Iliyo hai sasa yafika magotini pa mtoto. Mti wa kafuri hukua polepole. Sisi hatutakaa kivulini pake, wala vijana wale wa Kipaimara huenda wasikae. Maji hayajarudi mferejini. Twawaandikia haya ili mtu asidhani kwamba toba ni dawa ya siku moja.

4. Basi tufanyeje?

Ndugu, msije mkafikiri ya kwamba kwa kupanda miti twajinunulia rehema. Rehema tumekwisha kupewa bure katika Kristo. Mche haumwokoi mtu. Lakini kumbukeni tuliyojifunza utotoni katika Katekisimo Ndogo, aliyoiandika Luther mwaka 1529, juu ya sehemu ya kwanza ya Imani: Mungu ameniumba mimi pamoja na viumbe vyote, anipa yote ya kunitunza kwa wema wake tu, na kwa hayo yote imenipasa kumshukuru na kumtumikia. Shukrani isiyo na mikono ni maneno ya midomo.

Kwa hiyo twasema machache. Mwenye kurina asali msituni asiache moto nyuma yake. Mnakumbuka Oktoba 2020, jinsi moshi ulivyosimama juu ya mlima siku nyingi. Na miti ile ya juu, ichujayo ukungu, ndiyo ishikayo moto upesi. Baraza la usharika linunuapo mbao, liulize zatoka wapi, na liione hati, hata kama bei itapanda. Mwalimu wa watoto awapeleke siku moja kwenye chemchemi iliyo karibu, awaonyeshe maji yatokako, awafundishe Zaburi hapo hapo. Na kila mtu anayeuza kilichokatazwa, jirani yake aulize kwanza kama nyumbani mwake mna chakula.

Wala tusikate tamaa kwa ajili ya theluji. Huenda ikaondoka, kuizuia hakumo katika mikono yetu peke yetu, kwa maana joto la dunia yote laihusu. Isaya 54:10 yatuambia kwamba milima yaweza kuondoka, bali fadhili za Bwana haziondoki. Lakini msitu u karibu na mikono yetu, na hapo ndipo tutakapoulizwa.

Kesho alfajiri, ukifungua mlango, inua macho. Itazame Kibo ingali nyeupe, umshukuru aliyeifanya. Kisha shusha macho kidogo, hata ule mstari wa kijani kibichi uliofunikwa na ukungu, ambao hakuna avukaye bahari kwa ajili yake. Ushukuru na hapo. Kisha shusha tena, mpaka kwenye ndoo iliyo mlangoni pako.

Bwana ayalinde matokeo yetu na maingilio yetu, sasa na siku zote. Amina.